Alexandria, Misri: ukifika kule, ule wapi? Tupeane maelekezo

NahodhaMwambao

Wakuu, salaam.

Kila likizo ikikaribia napata ujumbe uleule kutoka kwa watu wa nyumbani wanaokwenda Misri: "Nahodha, nitapita Alexandria, nile wapi?" Nimeona bora niweke hapa, na wenye uzoefu waongeze. Nilisoma mambo ya bahari Abu Qir, mashariki ya mji ule, na mpaka leo kazi hunirudisha pale mara kwa mara. Naupenda mji ule na nataka utendewe haki. Wageni wengi hushushwa na basi la watalii, wanapiga picha kwenye ngome ya Qaitbay, wanaliwa hela kwenye mkahawa wa kwanza unaotazama maji, halafu wanarudi Cairo wakisema Alexandria hakuna chakula. Inaniuma sana.

Mimi huwaambia hivi: kwanza amua unataka kula nini, ndipo uulize ni mtaa gani wanakipika hicho na hicho tu. Mwenye ful anauza ful. Mwenye maini ni maini. Wa samaki hutamkuta na kuku. Ukiona menyu ina samaki, piza, kababu na tambi, tena ina picha za rangi, endelea na safari yako.

Tuanze asubuhi. Kitovu cha mji ni Raml Station, dereva yeyote anapajua. Nyuma yake, mtaa wa Shakour Pasha, yupo Mohamed Ahmed, duka la ful na falafel tangu 1957. Nyama hawapiki kabisa. Ful ni yale maharage mapana ya Kimisri yanayochemshwa usiku kucha kwa moto mdogo, kwenye chungu chenye shingo nyembamba, mpaka yanalainika kabisa. Agiza ful ya Kiiskandarani, yaani ya mtindo wa Alexandria: yanapondwa na kuchanganywa na tahina (rojo la ufuta), ndimu, nyanya, pilipili na bizari nyembamba. Falafel yao inatokana na maharage hayohayo, haitengenezwi kwa dengu kama ya Lebanon, na ukiipasua ndani ni kijani kibichi kwa kotmiri na majani ya kitunguu. Ongeza jibini ya kukaangwa, biringanya na mkate wa baladi ukiwa bado umevimba kwa moto. Nenda kabla ya saa nne asubuhi, uikute falafel inatoka kwenye mafuta.

Samaki naandika post yake peke yake.

kijana_wa_Nyali

Naweka mkeka hapa. Mwezi wa kumi niko huko na mke wangu. Endelea ndugu yangu.

NahodhaMwambao

Samaki ni Bahary.

Bahary ni mtaa wa kale ulioko kwenye ukanda mwembamba wa nchi kati ya bandari mbili, ya mashariki na ya magharibi. Msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi uko hapo. Ukisonga kidogo unafika Anfushi, ambako mafundi wanaunda vyombo vya mbao pembeni ya barabara, na mtu wa Lamu au wa Nungwi atasimama kwanza aangalie mbao zinavyopindwa. Mwisho wa ncha ndiyo ngome ya Qaitbay, iliyojengwa miaka ya 1470 pale uliposimama ule mnara wa taa wa kale. Yaani ukienda kupiga picha ngomeni, chakula bora cha mji umeshakipita njiani.

Mtaa wa kuuliza ni Safar Pasha. Abu Ashraf yupo hapo, jina lake kila mtu analijua. Kadoura nao ni wa Bahary. Hata usipoyashika majina, fuata harufu ya moshi utafika.

Utaratibu wao ni huu. Hukai kwanza. Unakwenda kwenye meza ya barafu, samaki wamepangwa, unachagua wewe mwenyewe. Muuzaji anapima, anakutajia bei, kisha anauliza: apikwe vipi? Hapo ndipo mgeni hubabaika, kwa hiyo shikeni haya:

Mkizi, ambaye wao wanamwita bouri, mwambie *mashwi bil radda*. Hawamtoi magamba. Wanampaka pumba za ngano mwili mzima na kumweka kwenye moto mkali mpaka anakuwa mweusi tii. Ukiletewa utadhani wamemwunguza. Chomeka uma kwenye mgongo, ngozi na pumba na magamba vinang'oka pamoja kama ganda, na ndani nyama ni nyeupe, imeiva kwa maji yake yenyewe, ina harufu ya moshi kwa mbali. Kamulia ndimu, chovya kwenye tahina, funga na mkate. Mimi sijala mkizi mtamu kuliko huo popote, na nimezaliwa pwani.

*Singari* ni samaki aliyepasuliwa kuanzia mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, akamwagiwa nyanya, vitunguu, pilipili hoho na kitunguu saumu, kisha akaingizwa tanuri. Upishi huu unafaa kwa denis (sea bream kwa Kiingereza) au kwa chewa. Samaki Musa, yule bapa, akaangwe tu. Kamba na ngisi wako huru, kaanga au choma. Na usisahau wali wa *sayadiya*: vitunguu vinakaangwa mpaka vinakuwa kahawia iliyokolea, maji yake ndiyo yanayoupa wali rangi na ladha. Ukikosa sayadiya umekula nusu ya mlo.

Mambo mawili ambayo hakuna kitabu cha watalii kitakwambia. Kwanza, uliza samaki ni wa bahari au wa *mazare'*, yaani wa kufugwa. Misri ndiyo inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki, na mkizi, denis na karous (sea bass) wengi unaowaona kwenye barafu wametoka mabwawani. Si dhambi kumla, lakini bei yake haipaswi kuwa ya samaki wa bahari. Pili, angalia hali ya hewa. Kuanzia Novemba pwani ile hupigwa na dhoruba ambazo wenyeji wanaziita *nawwa*, na kila moja ina jina na majira yake: Maknasa inakuja Novemba, Qasim Desemba, Fayda Januari. Nawwa ikivuma, bandari hufungwa na wavuvi hawatoki. Siku hizo na siku moja baada yake kuleni ful, maini, koshari. Samaki atakayekuwa kwenye barafu siku hiyo ni wa juzi.

MamaNasra

Ahsante Nahodha, umeandika kwa moyo. Naomba niongeze upande wa machungu ili wengine wasiumie.

Tulikwenda mimi, mume wangu na wanangu. Tukaingia mkahawa mmoja wa Corniche, barabara inayopita kando ya bahari, jina sitalitaja. Kijana alitupokea kwa bashasha, akasema tukae, yeye atatuchagulia samaki wazuri. Tukakaa. Zikaletwa saladi, tahina, achari, mikate, baba ghanoug (rojo la biringanya), meza ikajaa, nasi tukadhani ni ukarimu wa Kiarabu. Hesabu ilipoletwa kila kisahani kilikuwa na bei yake, samaki ameandikwa kilo ambazo hatukuziona zikipimwa, na tarakimu zote za Kiarabu. Mume wangu alibishana mpaka akachoka, tukalipa. Watoto wangu waliniuliza mbona baba amekasirika na bahari nzuri hivi.

NahodhaMwambao

Pole sana Mama Nasra. Na umefanya vyema kuleta hili, maana ndilo linalowakuta wengi.

Wakuu, tarakimu jifunzeni kabla ya kupanda ndege. Waliopita madrasa utotoni wanazijua, waliosahau wakumbuke: sifuri ni nukta (٠), tano ni kiduara (٥), na hapo ndipo watu wanapoibiwa kwa sababu jicho linasoma kiduara kama sifuri. Sita (٦) kwa haraka inafanana na saba yetu. Saba ni V (٧), nane ni V iliyopinduliwa (٨).

Samaki apimwe mbele yako, na uandikiwe bei kabla hajaingia jikoni. Uliza kama bei hiyo ina kusafisha na kupika ndani yake, kwa sababu pengine ni ya samaki mbichi tu. Uliza saladi kama zinalipiwa, na usizozitaka zirudishe kabla hujagusa. Juu ya hesabu kwenye mikahawa rasmi utaona huduma, mara nyingi asilimia 12, na kodi asilimia 14. Hizo ni za kawaida, mtu asipigane kwa ajili yake. Bakshishi kidogo unampa mhudumu mkononi, mbali na hiyo.

Bei zenyewe siziandiki hapa kwa makusudi. Pauni ya Misri ilishuka sana Machi 2024 serikali ilipoiachia ijipange sokoni, na bei za vyakula zimekuwa zikipanda tangu kabla ya hapo. Namba nitakayoandika leo itakupotosha kesho. Muulize mwenye hoteli yako kilo ya bouri siku hizi ni kiasi gani, hiyo ndiyo mizani utakayopimia wengine.

mgogo_halisi

Mkuu, sisi wa bara ambao samaki wa bahari hatujamzoea tutapona kweli?

NahodhaMwambao

@mgogo_halisi utapona vizuri tu, tena wewe ndiye utakayefurahi kuliko wote. Kuna molokhia. Ni mlenda wetu uleule, majani yanakatwakatwa laini kabisa, yanapikwa kwenye supu, halafu kitunguu saumu na giligilani vinakaangwa pembeni na kumiminwa juu vikiwa vinachemka. Cairo wanaipika kwa kuku au sungura. Alexandria utaipata kwa kamba, na hiyo ndiyo ninayokutuma. Kula na wali, au umege na mkate.

Halafu koshari. Ile ya Cairo unaijua, ya makaroni, adesi na rojo la nyanya. Alexandria wana yao ya manjano: wali na adesi za manjano vimepikwa pamoja kwa bizari, vitunguu vya kukaanga juu, yai la kuchemsha pembeni. Karibu kabisa na mseto. Mtu aliyechoka na safari hula hiyo akalala.

kijana_wa_Nyali

Swali kwa Nahodha. Nimesikia kuna samaki wa chumvi wanamwita feseekh. Ni kama ng'onda wetu? Mke wangu ni mpenzi mkubwa wa ng'onda.

NahodhaMwambao

Si kama ng'onda, na hapa nakuomba unisikilize. Ng'onda anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa juani mpaka anakauka. Feseekh ni mkizi anayeachwa kwanza avimbe, kisha anafukiwa kwenye chumvi kwa wiki kadhaa. Hakauki, analainika, na analiwa hivyohivyo bila kupikwa, pamoja na vitunguu, ndimu na mkate. Huliwa zaidi siku ya Sham el-Nessim, Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakopti (Wakristo wa Misri), ambayo Wamisri wote, Waislamu na Wakristo, hutoka kwenda bustanini na ufukweni. Akikosewa kutengenezwa, anakuwa na sumu ya botulini, na wizara yao ya afya hutoa onyo kila mwaka sikukuu hiyo ikikaribia. Wenyeji wanajua wananunua kwa nani, familia kwa familia. Mgeni asiye na mwenyeji anayemwamini amwache. Mchukulie shemeji *ringa*, samaki wa moshi, huuzwa maduka yaleyale.

ProfMwambasi

Nahodha, uzi mzuri, ila nina la kubishana. Unawakataza watu kula wakiitazama bahari. Mtu ametoka Mbeya, ameona Mediterania mara moja katika maisha yake, umpeleke kichochoroni akale kati ya pikipiki? Mimi nilikula Greek Club pale karibu na Qaitbay, jioni, boti zote zimetia nanga chini yangu, na pweza alikuwa mzuri. Nililipa zaidi na sikujuta.

NahodhaMwambao

Prof, hoja yako ina uzito, na Greek Club siipingi. Wagiriki waliishi mji ule kwa maelfu mpaka miaka ya 1950 na 1960, walipoanza kuondoka kwa wingi, na klabu ile ya mabaharia ni masalia ya kweli ya maisha yao. Pweza na ngisi wanawajua. Upepo wa pale juu jua likizama, nakubaliana na wewe, ni sehemu ya chakula. Kwa wanaotaka bahari na chakula kwa pamoja, naongeza Zephyrion kule Abu Qir, mkahawa wa Kigiriki wa tangu 1929, uko juu ya ufukwe kabisa. Ni mbali na katikati ya mji, tenga nusu siku.

Ninachokataa ni ile mikahawa ya Corniche isiyo na cha kuuza isipokuwa dirisha. Bado nasimama hapo. Bahari ya Alexandria ni ya bure: ukuta wa Corniche una kilomita na kilomita, familia nzima zinakaa juu yake usiku zikila mahindi ya kuchoma na mbegu za alizeti. Kula Safar Pasha, ukitoka vuka barabara, kaa ukutani.

ShemejiWaManshiya

Mimi nimeoa huko, naomba niongezee maini, naona Nahodha ameyagusa akapita.

*Kibda iskandarani* ndiyo fahari ya vijana wa mji. Maini ya ng'ombe yanakatwa vipande vyembamba sana, vidogo kama ukucha, yanarushwa kwenye karai pana ambalo limeshawaka, pamoja na kitunguu saumu, pilipili mbichi, bizari na siki. Ni dakika chache tu. Yakikaa zaidi yanakuwa mpira. Yanaingia kwenye mkate mdogo mrefu, tahina juu, achari pembeni. Mitaa ya Manshiya na Bahary utayakuta kwenye mikokoteni na vijiduka. Simama penye foleni, angalia kama anakaanga mapya kwa kila mteja. Yaliyolundikwa pembeni ya karai tangu mchana, achana nayo.

Na pilipili yao si mchezo. Watu wa Cairo huwa wanalalamika, sisi wa pilipili kichaa tunasikia raha.

NahodhaMwambao

Nakazia kila neno. Shukrani shemeji.

Vitamu na kahawa nitapita haraka, maana hapo ni suala la mapenzi ya mtu. Délices ya 1922 na Trianon ziko jirani na Raml, ni za enzi za Wagiriki, dari ndefu, keki za krimu, bei ya juu kidogo. Nenda ukakae, upumzishe miguu. Kahawa mimi nakunywa Sofianopoulo (1908) au Brazilian Coffee Stores (1929), unasimama kaunta na harufu ya buni zinazosagwa inakufunika. Kule Bahary yupo El Sheikh Wafik, wali wa maziwa na aisikrimu, na kuskusi ya sukari na karanga. Watoto watakushukuru. Majira ya baridi tafuteni sahlab ya moto, kinywaji kizito cha maziwa. Joto likiwepo, juisi ya miwa au ya ukwaju.

Halima_wa_Ujiji

Kaka Nahodha, mimi niko Cairo kwa matibabu ya mama. Daktari ametupa mapumziko, tunataka kumleta Alexandria siku moja tu aione bahari. Ana miaka sabini na kitu, hatembei sana, chumvi amekatazwa, ni mtu wa samaki toka utotoni kwa kuwa amekulia ziwani. Tufanyeje?

NahodhaMwambao

Dada Halima, Mungu ampe mama afya njema. Fanyeni hivi.

Pandeni treni ya asubuhi kutoka kituo cha Ramses hapo Cairo, ile ya viti vilivyopangwa namba, kama saa mbili na nusu hadi tatu mko Alexandria. Msishuke Sidi Gaber, hicho ni kituo kinachotangulia, ngojeni Misr Station. Hapo chukueni teksi nyeusi na manjano, mkubaliane bei kabla ya kumpandisha mama, au tumieni programu ya simu. Ile mikrobasi ya wenyeji wanayoiita *mashrou'* ina ngazi ya juu na haisubiri mtu, kwa mama haifai.

Mpelekeni kwanza Corniche mbele ya Raml, kuna mabenchi, akae na bahari yake mpaka atosheke. Msimharakishe. Kwenye saa saba mchana nendeni Bahary, kabla familia hazijajaa, maana Wamisri wanakula mchana wao saa tisa au kumi. Teksi iwafikishe mlangoni Safar Pasha. Mmoja wenu aingie achague samaki, mama abaki amekaa.

Msimchukulie bil radda, mara nyingi wanamchovya kwenye maji ya chumvi akitoka motoni. Mwambieni singari *min gheir malh*, bila chumvi, na mwombeni asitumie mchanganyiko wa viungo uliotayarishwa tangu asubuhi, kwa sababu chumvi imeshaingia humo. Nyanya, vitunguu na ndimu zinatosha. Achari na jibini ziondoeni mezani. Supu ya samaki pia aiache, huwa imekolea. Kwa mtu wa ziwani, bolti wanayo, ni ndugu wa sato na perege, lakini mimi ningemchagulia denis: miiba yake ni mikubwa na inaonekana, haitamsumbua.

Treni za kurudi ni nyingi mpaka usiku, ila tiketi ya jioni kateni mapema mkiwa bado Cairo, hasa ikiwa ni Alhamisi au Ijumaa. Kuhusu lugha, nitakuandikia sentensi zote za kuagiza kwa Kiarabu uzihifadhi kwenye simu, umwonyeshe tu muuzaji. Nitumie ujumbe ndani, na nitajie tarehe mtakayokwenda nikuangalizie kama kuna nawwa.